Kumfundisha Afisa Mipango Kuitumia Modeli, na Kuitilia Shaka

Katika mafunzo ya OSeMOSYS, zana inayotumika kupanga mifumo ya nishati, namba 31.536 hujitokeza mapema sana, na mara nyingi mshiriki huinakili kutoka kwenye mwongozo bila kuuliza imetoka wapi. Chanzo chake ni hesabu nyepesi. Mwaka una saa 8,760. Mtambo wenye uwezo wa gigawati 1 ukifanya kazi saa zote hizo bila kusimama utazalisha gigawati-saa 8,760. Na kwa kuwa wengi wanaotumia zana hiyo huandika uwezo wa mtambo kwa gigawati lakini nishati yenyewe kwa petajuli, gigawati-saa hizo hugeuzwa kuwa petajuli 31.536. Afisa mipango aliyeielewa namba hii anaweza kumweleza mkuu wake kwamba gigawati 1 ya umeme wa jua, mahali ambapo paneli hutoa kwa wastani asilimia 20 ya uwezo wake kwa mwaka, italeta petajuli 6.3 tu. Asiyeielewa anaweza kuchora grafu ya kupendeza yenye kosa la mara tano, na hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini, kwa sababu kompyuta haijui kwamba jua huzama.

Nimeanza na namba hiyo kwa sababu mazungumzo kuhusu kuwajengea maafisa mipango uwezo wa kutumia modeli huishia haraka kwenye programu: ipi inunuliwe, nani apewe kompyuta, wangapi wamepata vyeti. Kubonyeza vitufe hufundishwa kwa siku mbili. Kinachochukua muda ni afisa kufika mahali ambapo, akiulizwa na waziri au na mwandishi wa habari kwa nini mpango unasema hivi na si vile, anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwenye grafu hadi kwenye namba aliyoiingiza mwenyewe, akaitetea au akakiri kwamba haifai.

Sababu ya kuhitaji zana hizi ni nyepesi kueleza. Septemba 2015 nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha Ajenda ya 2030 ya maendeleo endelevu, yenye malengo 17 na shabaha 169. Malengo 17 yakiwekwa mawili mawili hutoa jozi 136, na kila jozi husomeka kwa pande mbili, kwa maana kwamba kinachofanywa kwa ajili ya lengo moja kinaweza kulisukuma jingine mbele, kulirudisha nyuma au kutoligusa kabisa. Mipango ya serikali, hata hivyo, huandikwa kisekta. Wizara ya kilimo inapanga kupanua umwagiliaji. Wizara ya nishati inategemea maji ya mto huohuo kuzungusha mitambo. Mamlaka ya maji ya mjini nayo imeyaweka maji hayo katika mahesabu yake ya miaka ishirini ijayo. Kila mpango ukisomwa peke yake uko sawa, na mto mmoja umekwisha kugawiwa mara tatu.

Mwaka 2016 watafiti walipendekeza mizani ya alama saba ya kupima namna malengo yanavyogusana, kuanzia +3, pale ambapo kulifikia lengo moja hakutenganishiki na kulifikia jingine, hadi -3, pale ambapo kulifikia moja kunalifuta jingine. Mizani hiyo haihitaji kompyuta, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kuwa zoezi la siku ya kwanza. Watu wa kilimo, maji na nishati wakipewa jedwali tupu na kulijaza kila kundi kivyake, kisha majedwali yakawekwa ubaoni bega kwa bega, pale alama zinapopishana ndipo swali la kuulizia modeli linapopatikana. Mafunzo yanayoanza kwa kufungua programu huiruka hatua hii, na matokeo yake ni washiriki wenye jibu ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta.

Modeli, kwa maana inayotumika hapa, ni maelezo ya mfumo yaliyoandikwa kwa milinganyo: kitu gani kinaingia, kinageuka kuwa nini, kwa gharama gani na kwa kikomo gani. Si utabiri. Inachofanya ni kufuatilia kwa uaminifu matokeo ya mambo tuliyoyakubali mwanzoni, hata pale ambapo tungependa isiyafuatilie. Zana zinazofundishwa zimegawanyika katika koo kadhaa, na kuzijua koo hizo ni muhimu kuliko kujua majina ya programu, kwa sababu kila ukoo una swali unalolijibu vizuri na maswali usiyoyaweza.

Ukoo wa kwanza hutafuta suluhisho la gharama ndogo kabisa ndani ya masharti yaliyowekwa. Asili yake ni kiwandani: mwaka 1939 mwanahisabati Leonid Kantorovich, alipoombwa na wazalishaji wa mbao za plaiwudi katika Muungano wa Kisovieti awasaidie kugawa kazi kati ya mashine zao, alionyesha kwamba tatizo hilo na mengine mengi ya kiuchumi yana umbo moja la kihisabati. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akabuni njia ya kuyatatua kwa haraka. Zana kama MESSAGE, iliyoanzia katika taasisi ya utafiti ya IIASA nchini Austria, na OSeMOSYS, iliyotangazwa mwaka 2011, ni wajukuu wa kazi hiyo. Huziulizi nini kitatokea. Unaziuliza ni mchanganyiko upi wa mitambo utakaotosheleza mahitaji kwa gharama ndogo zaidi.

Ukoo wa pili ni wa mienendo ya mifumo, uliobuniwa na Jay Forrester katika chuo cha MIT nchini Marekani miaka ya 1950. Huu hautafuti kilicho bora. Unafuatilia jinsi vitu vinavyojikusanya na kupungua kwa miaka, na jinsi matokeo yanavyorudi kugusa chanzo chake: elimu huongeza kipato, kipato huongeza kodi, kodi hujenga shule, lakini kwa kuchelewa, na ucheleweshaji huo ndio unaowapotosha wapanga mipango. Modeli ya iSDG ya Millennium Institute, inayojaribu kuyabeba malengo yote 17 kwa pamoja, imetoka huku. Kuna pia modeli za mizania, kama LEAP ya Stockholm Environment Institute, ambazo kimsingi ni daftari la mapato na matumizi ya nishati lililopangwa kwa ustadi, na pacha wake wa maji, WEAP. Kuna za kijiografia, kama OnSSET, inayopitia makazi moja baada ya jingine na kukadiria kama ni nafuu kuyafikishia gridi ya taifa, kuyajengea gridi ndogo au kuziwekea nyumba zake paneli za peke yake. Afisa anayeelewa koo hizi hatauliza zana ya gharama ndogo kama wananchi watakubali kubadili majiko yao.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kwa nini yote haya yana maana ni cha Morisi. Kisiwa hicho kilikuwa kimeuza sukari Ulaya kwa bei ya upendeleo kwa miongo kadhaa, kisha Umoja wa Ulaya ukabadili utaratibu wake, bei ya rejea ikashushwa kwa asilimia 36, na mwaka 2009 mkataba wa sukari ukafikia kikomo. Ardhi kubwa ilikuwa chini ya miwa, nchi ilikuwa ikiagiza mafuta yote kutoka nje, na wazo lililojitokeza lilikuwa la busara: sehemu ya miwa igeuzwe kuwa ethanoli, ichanganywe na petroli, fedha za kigeni ziokolewe na gesijoto zipungue. Mtaalamu wa nishati aliyeipima sera hiyo kwa zana za nishati aliipata nzuri. Ilikuwa nzuri, mradi usitazame nje ya mipaka ya modeli ya nishati.

Watafiti walipounganisha modeli za tabianchi, ardhi, nishati na maji katika utaratibu uliokuja kuitwa CLEWs, na kuchapisha kazi yao mwaka 2013, hoja ilibadilika. Mvua ikipungua kama baadhi ya makadirio ya tabianchi yanavyoonyesha, miwa itahitaji kumwagiliwa zaidi. Maji ya kumwagilia yanapaswa kusukumwa kwa pampu, na yasipotosha itabidi maji ya bahari yaondolewe chumvi, kazi inayokula umeme mwingi. Umeme huo wa ziada, katika mfumo wa kisiwa hicho, ungetoka kwa kiasi kikubwa kwenye makaa ya mawe yaliyoagizwa. Kwa hiyo faida iliyopatikana kwenye bomba la petroli ingeweza kuliwa na pampu na mitambo ya kuondoa chumvi, na sera iliyokusudiwa kupunguza uagizaji na moshi ingejikuta ikirudisha vyote viwili kwa mlango wa nyuma.

Darasani kisa hiki hutolewa kama ushahidi kwamba modeli zilizounganishwa ni bora kuliko zilizotengana. Mimi huona funzo lake ni jingine kidogo. Mlinganyo wa nishati haukuwa na kosa. Yeyote aliyeukagua angeukuta sahihi. Kosa lilikuwa kwenye mpaka, yaani mstari unaochorwa kabla ya hesabu kuanza, ukisema hiki tutakihesabu na kile tutakichukulia kama kilichokwisha kujulikana. Mpaka hauonekani kwenye matokeo. Hakuna safu ya jedwali inayosema «maji: hatukuyahesabu». Ndiyo maana kumfundisha afisa mipango kuuliza mpaka uko wapi, na kuuliza swali hilo hata kwa modeli iliyounganishwa, ambayo nayo ina mpaka wake mahali fulani, kuna faida ya kudumu kuliko kumfundisha toleo la programu litakalopitwa na wakati baada ya miaka mitatu. Tena modeli kubwa zaidi si dawa. Kila sekta inayoongezwa huja na vigezo vyake, na timu yenye watu wawili ikipewa modeli ya sekta kumi itaishia kujaza nusu ya nafasi kwa namba za kukisia.

Sasa tuingie darasani. Mshiriki amejenga modeli yake ya kwanza: mtambo wa makaa ya mawe, bwawa, paneli za jua, na mahitaji ya umeme ya kila mwaka. Anaitatua, na modeli inachagua jua tupu, kuanzia mwaka wa pili hadi wa mwisho. Anafurahi. Mkufunzi mzuri hamwambii amekosea. Anamuuliza taa za usiku zinawashwa na nini. Hapo ndipo inapogundulika kwamba mshiriki ameuacha mwaka kuwa kipande kimoja cha muda, hivyo umeme wa saa sita mchana na giza la saa tano usiku vimetiwa katika chungu kimoja na kugawanywa sawa. Akiugawa mwaka katika vipande, kwa mfano misimu mitatu yenye mchana na usiku, yaani vipande sita, jua linapoteza sehemu ya usiku, bwawa linarudi, na kama bei zinaruhusu betri zinaingia. Hakuna somo la nadharia linalokaa kichwani kama kuona grafu yako mwenyewe ikigeuka rangi mbele ya macho yako.

Anayeendelea hukutana na kikwazo kinachowavunja moyo wengi: kitatuzi, yaani programu inayoitafutia milinganyo jibu, kinarudisha ujumbe kwamba hakuna suluhisho linalowezekana, bila kusema kwa nini. Mahali fulani katika maelfu ya masharti, mawili yanapingana. Pengine mahitaji ya mwaka 2031 yanazidi uwezo wote ulioruhusiwa kujengwa. Pengine mtu ameandika kikomo cha sifuri mahali palipotakiwa kuachwa wazi. Kuna mbinu ya zamani ambayo ningependa kila mafunzo yaifundishe kabla ya siku ya tatu. Unaongeza kwenye modeli mtambo wa kubuni, usio na kikomo, lakini wenye bei ya juu kupita kiasi. Modeli sasa haina sababu ya kukwama, kwa kuwa daima ina pa kukimbilia, na kwa kuwa mtambo huo ni ghali mno, itautumia pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Ukifungua matokeo na kuona mtambo wa kubuni umewaka mwaka 2031, usiku, msimu wa kiangazi, umeonyeshwa kwa kidole mahali pa kutafuta. Mshiriki aliyejifunza hili hamhitaji tena mkufunzi kila programu inapokataa.

Jambo la tatu ni kiwango cha punguzo, na hapa hesabu hugeuka kuwa siasa bila mtu kutangaza. Modeli za gharama ndogo hulinganisha fedha za miaka tofauti kwa kuzipunguza thamani kadiri zinavyokuwa mbali. Gharama ya 100 itakayolipwa baada ya miaka 30 huonekana leo kama 23 hivi kwa punguzo la asilimia 5, na chini ya 6 kwa punguzo la asilimia 10. Bwawa na mashamba ya upepo hudai fedha nyingi mwanzoni na kidogo baadaye; mtambo wa dizeli ni rahisi kuununua, lakini hudai mafuta kila mwaka wa maisha yake. Ongeza punguzo na dizeli inapendeza. Lipunguze na bwawa linashinda. Hakuna teknolojia iliyobadilika, hakuna bei ya sokoni iliyosogea. Kilichobadilika ni uzito tuliowapa watakaolipa baada yetu. Afisa mipango anayepokea modeli yenye asilimia 10 iliyokwisha kuandikwa ndani yake amepokea uamuzi wa kimaadili uliofanywa na mtu mwingine, na ana haki ya kujua ni nani na kwa nini.

Mafunzo mengi hupita haraka kwenye mwaka wa msingi, na ni makosa. Kabla modeli haijaulizwa kuhusu miaka ijayo, inapaswa kuweza kuusimulia mwaka uliopita: umeme uliozalishwa na kila mtambo, uliopotea njiani, uliouzwa. Kazi hiyo inachosha, haina grafu za kuvutia, na huleta ugomvi, kwa sababu takwimu za shirika la umeme hazilingani na za ofisi ya takwimu, na za wizara hazilingani na zozote. Kuni na mkaa, ambavyo kwa kaya nyingi duniani ndiyo nishati kubwa, havipiti kwenye mita wala kwenye risiti, kwa hiyo huingia kwenye modeli kama makadirio au vinasahauliwa. Hata hivyo ugomvi huo ndio hazina. Watu wa taasisi tatu wakikaa meza moja hadi wakubaliane juu ya namba moja ya upotevu wa umeme, wamefanya jambo ambalo hakuna mtaalamu wa kukodiwa angeweza kuwafanyia, hata kama modeli yenyewe haitatumika kamwe.

Modeli za gharama ndogo zina tabia nyingine ambayo afisa asiyeijua atapotea: hazina kadiri. Teknolojia mbili zikitofautiana bei kwa senti, modeli huchukua yote ya nafuu na kuiacha ya pili mkono mtupu. Badilisha senti hizo na jibu zima linahama upande wa pili. Mtu akionyeshwa grafu moja tu ataamini kwamba sayansi imechagua. Kwa hiyo zoezi la kupandisha na kushusha kila kigezo kikuu kwa asilimia 20, na kutazama ni nini kinabaki mahali pake, si la kuachiwa siku ya mwisho iwapo muda utatosha. Kinachobaki katika majaribio mengi ndicho kinachoweza kupelekwa kwa wakubwa kwa sauti ya uhakika. Kinachoruka-ruka kinapelekwa pia, lakini kwa maneno ya tahadhari, na kuyatafuta maneno hayo kwa lugha ambayo mkuu asiye mtaalamu ataielewa ni ujuzi unaostahili saa zake darasani. Wanaofanya kazi hii huziita njia mbadala za siku zijazo senario, na ni vizuri kumzoeza mshiriki asiwahi kuwasilisha senario moja.

Mahitaji ya umeme nayo, katika zana nyingi za aina hii, hayatoki ndani ya modeli. Huingizwa kutoka nje kama jambo lililoamuliwa. Ndiyo sababu Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo licha ya jina lake limekuwa miongoni mwa walimu wakubwa wa upangaji wa nishati ya kila aina, hufundisha MAED ya kukadiria mahitaji pamoja na MESSAGE ya kuyatosheleza. Makadirio ya mahitaji yakiwa yametiwa chumvi, kila kinachofuata kitakuwa kikubwa kupita kiasi: mitambo, mikopo, ushuru wa umeme. Makadirio hayo huelekea kuwa na matumaini, kwa kuwa hakuna serikali inayopenda kuandika kwamba uchumi wake utakua polepole.

Wapi haya yanafundishwa? Idara ya Masuala ya Kiuchumi na Kijamii ya Umoja wa Mataifa imekuwa ikizisaidia nchi kujenga modeli za CLEWs na za uchumi mpana. Kituo cha fizikia ya nadharia cha ICTP mjini Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam kwa nia ya kuwaunganisha wanasayansi wa nchi zinazoendelea na wenzao, kimekuwa mwenyeji wa shule fupi za kiangazi za modeli za maendeleo endelevu. Masomo kadhaa ya kujifunzia mwenyewe yanapatikana bila malipo kwenye intaneti. Kozi hazikosekani.

Tatizo liko kwa kinachotokea Jumatatu baada ya mafunzo. Afisa anarudi ofisini akiwa na shauku, anakuta mezani barua za wiki mbili, na hakuna aliyepangiwa kumpa saa za kazi kwa ajili ya modeli. Baada ya miezi sita amesahau nusu. Akiwa hodari, baada ya mwaka amehamishwa au ameajiriwa na shirika linalomlipa zaidi, na ujuzi umeondoka naye, kwa sababu faili zilikuwa kwenye kompyuta yake na maana ya kila namba ilikuwa kichwani mwake. Hapo wizara hukodi kampuni ya washauri, ambayo hujenga modeli mpya kwa programu yake yenyewe, hukabidhi ripoti nene yenye picha, na huondoka na modeli. Miaka mitano baadaye mpango unapaswa kuhuishwa, na mzunguko unaanza upya. Kuwalaumu washauri hakusaidii. Wamefanya walichoandikiwa kwenye mkataba. Mkataba usiotamka kwamba modeli, data zake na maelezo yake vitabaki kwa mwenye mpango umeuza uwezo wa nchi kwa bei ya ripoti.

Leseni ni sehemu ya hadithi hii. Programu ya kulipiwa kila mwaka huishi kadiri mradi wa mfadhili unavyoishi. LEAP hutolewa bure kwa serikali na vyuo vya nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. OSeMOSYS ni huria kabisa, msimbo wake unasomeka na mtu yeyote, na hutatuliwa hata kwa kitatuzi cha bure cha GLPK, ingawa kwa modeli kubwa kitatuzi hicho kitakufanya upike chai na kuinywa ukingoje. Uhuria, hata hivyo, hautoshi. Unaweza kuwa na msimbo ulio wazi na data zisizoeleweka.

Mwaka 2021 kundi la watafiti na mashirika ya maendeleo lilipendekeza misingi waliyoiita U4RIA, ikidai kwamba kazi ya modeli iweze kupatikana, kutumika tena, kurudiwa, kujengwa upya, kuunganishwa na nyingine na kukaguliwa. Herufi ya kwanza ni ya neno ubuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri, kwani ni utu: waliochora mpango wawe wameshirikiana tangu mwanzo, wakiwamo watakaoishi nao. Msingi huo ni mgumu kuupima kuliko mingine sita, na huenda ndiyo sababu umewekwa mbele.

Kutokana na hayo, ningepima mafunzo kwa vitu ambavyo havimo kwenye vyeti. Walete watu wawili au watatu wa ofisi moja badala ya mmoja, ili mmoja akihama wengine wabaki. Wafanye kazi kwa data za nchi yao tangu wiki ya kwanza, hata kama ni mbovu, kwa kuwa modeli ya mfano iliyotengenezwa na mkufunzi haina maswali magumu ndani yake. Mkufunzi apatikane kwa miezi kadhaa baadaye, kwa simu au kwa barua pepe, wakati ule ujumbe wa kukosa suluhisho utakapotokea saa kumi jioni kabla ya kikao. Mkuu wa idara naye ahudhurie angalau siku moja, si kufungua mafunzo kwa hotuba, bali kukaa na kuona grafu ikigeuka pale punguzo linapobadilishwa, ili siku atakapoletewa jibu ajue aulize nini.

Mtihani wa mwisho unaweza kufanyika bila mkufunzi kuwapo. Afisa mmoja anaandika modeli yake na kando ya kila namba anaeleza imetoka wapi, ya mwaka gani, kwa kipimo gani, na ana imani nayo kiasi gani. Kisha anaenda likizo. Mwenzake, ambaye hakuijenga, anafungua faili, anaitatua na kupata matokeo yaleyale; anabadilisha makadirio ya mvua, anaitatua tena, na kuandika ukurasa mmoja kuhusu kilichobadilika. Akikwama kwenye namba 31.536, maelezo yaliyo kando yake yanamwambia: saa 8,760, gigawati 1, kwa petajuli.